Aliyesikia Kumi na Nne

Bunduki za kijiji cha Ulad Hmida ni kumi na tano. Tangu mavuno ya shayiri hadi mvua za kwanza zote hukaa nyumbani kwa Rkia, zimeegemezwa ukutani kwa safu, kila moja na kitambaa chake mdomoni ili vumbi na buibui visiingie. Ni magobore ya kizamani, marefu kuliko Rkia mwenyewe, yenye vitako vilivyopambwa kwa mfupa na fedha. Hayatiwi risasi, na hayajawahi kuua hata kwale. Kazi yao ni kulia. Farasi kumi na tano hutoka shoti kwa mstari mmoja, magoti ya wapandaji yakigusana, na mwisho wa uwanja, mukadamu, kiongozi wao, akipaza sauti, wote huinua bunduki na kufyatua. Waamuzi hawatazami shabaha, kwa kuwa hakuna shabaha. Wanasikiliza. Bunduki kumi na tano zikilia kama moja, watu husimama wenyewe bila kujua wamesimama. Zikilia kama bisi sufuriani, watu hucheka, na kikosi hurudi kijijini kwa njia ya nyuma.

Rkia ana miaka hamsini na mitatu. Hakuna aliyemchagulia kazi hii. Kaka zake wawili walikwenda Kazablanka kutafuta maisha na maisha yakawakamata hukohuko. Yeye alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na moja, akarudi kwao, akamkuta baba yake, fundi Bushaib, peke yake na bunduki kumi na tano na mikono inayotetemeka. Akamwondolea tupa mkononi ili asijikate, na tangu siku hiyo hakuiweka chini. Mwanzoni wapanda farasi walimletea silaha zao huku wakitazama pembeni, kama watu wanaompelekea jirani nguo za ndani afue. Baadaye walizoea. Siku hizi wanamwita Lalla Rkia kwa heshima, na wakimtania wanamtania kama dada.

Baruti ni kitu kichafu. Ikilia mara moja huacha ukoko mweusi ndani ya mtutu, wenye harufu ya yai lililochemshwa likasahauliwa, na ukoko huo ukilala siku tatu hula chuma kama mchwa alavyo mlango. Kwa hiyo Rkia huosha. Maji ya moto na majivu, tena maji ya moto peke yake, halafu kitambaa kwenye mdeki, ule ufito wa chuma wa kusafishia, kikipita na kurudi mpaka kitoke cheupe, halafu mafuta ya zeituni kidogo sana. Mwisho huchukua shazia na kuzibua kitundu cha moto, pale cheche ya fataki, kile kikofia kidogo kinachopasuliwa na kinyundo, inapopita kwenda kuiamsha baruti. Kitundu hicho hakimezi hata punje ya ufuta. Rkia amewahi kukitazama kwa jua la asubuhi na kuwaza kwamba heshima yote ya kijiji, vilemba vyeupe, farasi waliosukwa singa, vigelegele vya wanawake, vyote hupita hapo.

Lakini kuosha si kazi yake yote, na sehemu nyingine hakuna aliyeijua. Kila mtu ana haraka yake, na haraka ya mtu haibadiliki. Huzaliwa nayo kama sauti. Kabbur, muuza mbegu, ana kidole cha pupa: mukadamu hajamaliza kutamka, yeye keshafyatua. Rkia aliikaza bunduki yake, kifyatulio kikawa kizito, kikamchelewesha nusu ya kupepesa jicho. Ghazwani, seremala mwenye maringo, ni mwepesi wa kujibu ila mzito wa kutii, yake ikalegezwa. Wote kumi na tano Rkia aliwapima hivyo kwa miaka, akiwasikiliza, akiwatazama wakikata mkate, wakifunga mlango, wakipokea glasi ya chai. Kisha aliipeleka haraka ya kila mmoja kwenye chuma chake na kuirekebisha kwa tupa.

Hata hivyo alijua kwamba kazi yake hiyo ni robo ya safari tu. Robo tatu zilizobaki hakuzielewa. Hakuna tupa iwezayo kuwafanya watu waliogombania mpaka wa shamba asubuhi wawe na moyo mmoja adhuhuri. Mlio mmoja kamili, usio na ufa, alikuwa ameusikia mara tatu tu maishani. Mara ya kwanza alikuwa na miaka sita, begani kwa baba yake, na hakujua kuwa ni bunduki. Alidhani mtu amefunga mlango wa mbinguni. Alilia, akaulizwa analilia nini, akasema anataka ufungwe tena.

Mukadamu wa kikosi ni Haj Maati. Amekwisha kupita miaka sabini, na amekiongoza kikosi tangu nywele za Rkia zilipokuwa nyeusi. Ni mtu wa maneno machache na ya sauti kubwa, maana baruti ya nusu karne imemla masikio. Ukitaka kumwambia jambo, unalipiga kelele. Kijijini husemwa kuwa Haj Maati hana siri, si kwa sababu ni mwema, bali kwa sababu hakuna awezaye kumpa siri bila mtaa mzima kusikia.

Majira matatu ya baridi yaliyopita, Haj alikuja kwa Rkia eti kusalimia. Alikunywa chai ya nanaa, akaisifia mizeituni, kisha akaichukua bunduki yake ukutani kama mtu anayechezea tu. Rkia alikuwa ameinama juu ya jiko. Katika kioo cha kabati alimwona akijaribu kukivuta nyuma kinyundo cha bunduki kwa kidole gumba. Hakikuja. Alijaribu tena. Kisha akatazama mlangoni, akakiegemeza kinyundo kwenye ukingo wa meza na kukisukuma kwa uzito wa mwili wote, kama mtu anayefungua kifuniko kilichokwama. Gumba lake lilikuwa limevimba kwenye kiungo, limepinda kama mzizi wa tangawizi.

Rkia alikoroga makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri tu. Haj alipoondoka, akaifungua bunduki ile, akatoa springi inayosukuma kinyundo, akaikata kidogo kwa tupa. Kidogo tu, unene wa ukucha wa mtoto.

Wiki ya pili Haj alirudi, akaijaribu, kinyundo kikaja. Uso wake ulibadilika.

"Rkia! Hii bunduki umeipa nini? Imepata ujana!"

"Mafuta tu, Haj!"

"Basi nami nipake!"

Walicheka. Mwaka uliofuata gumba lilikuwa limezidi, na Rkia akakata tena. Na mwaka huu, tena. Hakumwambia, na hakuiona kuwa ni dhambi. Kuna watu ambao kumwambia mmoja wao kwamba amezeeka ni kumvua kilemba sokoni.

Sasa, kuna jambo la desturi ambalo bila hilo hadithi hii haiendi. Huko uwanjani bunduki hazishindiliwi kwa mdeki. Mpanda farasi akimaliza mbio hung'oa fataki iliyotumika kwa ukucha, anaitupa mchangani, anamwendea mtiaji baruti, anampa bunduki na kusema neno moja: "Imelia." Mtiaji humimina kipimo kipya, hugonga kitako chini mara tatu baruti ikae, basi. Hakagui. Neno la mpanda farasi linatosha. Kuingiza mdeki katika bunduki ya mtu aliyekwisha kusema imelia ni kumwita mwongo mbele ya farasi wake, na kuna familia ambazo hazijaoana vizazi viwili kwa sababu ya jambo hilo.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Katika ngurumo ya bunduki kumi na tano mtu anaweza kabisa asijue kwamba yake haikulia. Hakuna risasi, kwa hiyo hakuna teke begani; farasi anakimbia, moshi umeziba, masikio yamejaa. Au anajua, akaona haya. Vyovyote vile, anasema imelia, anamiminiwa kipimo cha pili juu ya cha kwanza, na mtutu uliozeeka unabeba moto wa bunduki mbili.

Rkia alikuwa na miaka kumi na tisa Ghandur wa nyumba ya pili alipopoteza vidole vitatu na jicho kwa njia hiyo. Fundi Bushaib ndiye aliyemtilia. Jioni ile baba alikaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Nilisikia kumi na nne," alisema. "Nilizisikia wazi. Nikaogopa kumwambia mtu mzima kuwa anadanganya."

Hakwenda tena uwanjani hadi alipokufa. Ila alichukua mdeki, akauingiza katika mtutu mtupu hadi mwisho, na pale ulipotokeza mdomoni akaukata alama kwa tupa. Mtutu ukiwa mtupu, alama inalingana na mdomo na chuma kinalia. Ukiwa na kitu ndani, alama inasimama juu na chuma kinanyamaza. Alimpa Rkia. Rkia akaubeba mdeki huo kila mwaka kwenda uwanjani, umefungwa kwenye kitambaa, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuufungua.

Mwaka huu, kwenye mussem ya Sidi Ayyad, sikukuu ya kila mwaka ya walii huyo, vikosi vilikuwa tisa na nafasi ya kwenda kushindana Rabat ilikuwa moja. Kila kikosi mbio tatu. Kwa Haj Maati ilikuwa mussem ya mwisho. Alikwisha kutangaza, na kwa jinsi anavyotangaza hata wa vijiji vya ng'ambo ya barabara walijua.

Rkia, mtiaji baruti wa kikosi, aliketi mahali pake mwisho wa uwanja, kando ya mstari wa moshi, pembe ya baruti mapajani na bunduki ya marehemu baba yake nyuma yake kama akiba. Kabbur alikuja wa kwanza.

"Lalla Rkia, nitilie ya kutosha. Mama mkwe wangu amekuja kutazama."

"Kama ni mama mkwe nikutilie sukari."

"Mtilie pilipili," Ghazwani alisema kutoka juu ya farasi wake. "Labda leo atangoja amri."

"Wewe ngoja uoe kwanza, ndipo useme juu ya amri," Kabbur alimjibu.

Mbio ya kwanza ilikuwa nzuri. Mlio mmoja, wenye mkia mfupi tu. Ghazwani alifika akiwa amejaa kifua, na hata Kabbur alimsifu.

Mbio ya pili walitoka polepole kama kawaida, Haj Maati katikati, ndevu zake nyeupe zikionekana kutoka mbali. Kisha akapiga ukelele na ardhi ikaanza kuja. Rkia huisikia kwanza miguuni, halafu kifuani. Miaka yote hii hajaizoea. Miguu sitini, alizoea kusema baba yake, na mnyama mmoja. Walifika mbele yake, amri ikatoka, mitutu ikapanda mbinguni, na mlio ukapiga.

Ulikuwa mmoja. Watu walisimama. Vigelegele vikapanda kama ndege walioshtuliwa, na kule jukwaani mwamuzi mmoja alimshika mwenzake mkono.

Rkia peke yake hakusimama. Ukimjua mtu vizuri na siku moja akacheka, unaona pengo kinywani mwake kabla hujajua ni jino gani limetoka. Ndivyo alivyosikia. Mlio ulikuwa mmoja, lakini ndani yake palikuwa na tundu. Bunduki kumi na nne zilikuwa zimelia kama moja. Ya kumi na tano ilikuwa imebeba moto wake hadi mwisho wa uwanja, na sasa ilikuwa inamjia, mikononi mwa mtu anayetabasamu.

Walikuja wakisukumana, jasho na moshi usoni.

"Imelia, Lalla!" Kabbur alimnyooshea bunduki. "Umesikia? Imelia hiyo!"

"Imelia."

"Imelia, na Mungu ashukuriwe."

Rkia aliinua pembe ya baruti juu ya mtutu wa Kabbur, akaishikilia hapo. Aliitazama mitutu. Yote ilikuwa na joto, yote ilikuwa myeusi tangu mbio ya kwanza. Hakuna uliosema chochote. Akaitua pembe chini.

"Moja haikulia," alisema.

"Moja nini?"

"Bunduki. Nimesikia kumi na nne."

Kabbur alicheka, kisha akaona kwamba Rkia hacheki.

"Lalla," Ghazwani alisema, akishuka, "pale juu wametupa alama ambazo hatujapata miaka kumi. Waamuzi watatu wamesikia moja. Wewe umesikia kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Basi nenda kawe mwamuzi. Mimi yangu imelia."

"Na yangu."

"Sijasema ya nani. Simimini mpaka nipime." Aliufungua mdeki kutoka kitambaani. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko alivyotarajia.

Waliuona ule ufito wakarudi nyuma nusu hatua, wote kwa pamoja. Hata katika hilo walikuwa kikosi.

"Uweke huo," Kabbur alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anatania tena. "Dada yangu, uweke. Ukiuingiza katika yangu mbele ya watu hawa, kesho sokoni nitauza nini? Nani atanunua mbegu kwa mwongo?"

"Kabbur, mikono yako miwili unaipenda?"

"Naipenda na uso wangu pia."

"Kuna nini hapo!" Ilikuwa sauti ya Haj Maati, na farasi wawili waliruka kando. "Farasi wanapoa! Kikosi cha Ulad Zyan wanatoka sasa, baada yao ni sisi!"

Kumnong'oneza Haj Maati ni kama kuunong'oneza ukuta. Rkia alijaza kifua.

"Haj! Nimesikia kumi na nne!"

Mahema ya karibu yalisikia. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na sinia la glasi alisimama. Haj Maati alimtazama mwanamke huyu mwenye masizi kwenye vidole, kisha mdeki, kisha akaitazama ile alama iliyokatwa juu yake. Rkia akakumbuka kuwa siku ile ya Ghandur, miaka thelathini na minne nyuma, aliyekuwa amepanda kulia kwa Ghandur, goti kwa goti, alikuwa huyu.

"Baba yako naye alisikia kumi na nne," Haj alisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema jambo polepole. "Aliniambia mwaka aliokufa. Nikamwambia, ungesema tungekupiga. Akaniambia, mngenipiga, na Ghandur angekuwa na macho mawili."

Alishuka. Alishuka vibaya, kwa tumbo, kama wazee washukavyo, na hakujali nani anatazama. Akanyoosha bunduki yake.

"Mukadamu huanza. Pima!"

Rkia aliupeleka mdeki katika mtutu na kuuachia. Alikuwa ameutegea sikio mlio wa chuma juu ya chuma. Haukuja. Kilichokuja kilikuwa sauti ndogo, laini, kama mtu anayekaa juu ya mto. Alama ya baba yake ilisimama vidole vitatu juu ya mdomo wa mtutu, nje, juani, na kila mtu aliiona.

Rkia aliigeuza bunduki, akaigonga kiganjani, na kipimo kizima cha baruti kikamwagika juu ya kanzu yake, punje kwa punje, kama mchanga mweusi, kikavu na kizima. Na mkono wake ulipokivuta kinyundo, kikaja kwa wepesi wa kope, alijua. Springi ile imekatwa mara tatu. Ilikuwa haina tena nguvu ya kuipasua fataki. Imeigusa tu, kama mtu anayebisha hodi asitake kusikika.

Alitamani kumwambia peke yake. Lakini kwa Haj Maati hakuna peke yake.

"Haj! Kosa ni langu! Springi nimeikata mimi! Kwa tupa! Mwaka huu na mwaka jana na mwaka juzi!"

"Umeikata? Kwa nini?"

Macho yake, bila yeye kuyatuma, yalikwenda kwenye gumba la mzee na kurudi.

"Nilikosea!" alisema. "Nilikosea tu!"

Haj aliyafuata macho yake. Alilitazama gumba lake kana kwamba ni la mtu mwingine aliyelisahau hapo. Kisha akaliinua juu, mbele ya watu kumi na wanne na yule wa sinia, lilivyo, limevimba na kupinda.

"Kwa sababu ya hili," alisema. "Nami nilidhani bunduki imepata ujana."

Alianza kucheka yeye mwenyewe, kicheko kikavu cha puani, na wengine wakamfuata kwa hofu, halafu bila hofu. Rkia hakucheka. Aliufuta uso wake kwa mkono wenye masizi na kuuchafua zaidi.

"Sasa nyote," Haj alisema. "Shukeni. Mtu wa kwanza kusema imelia nitampiga kwa hatamu."

Wakapanga mstari. Rkia akauachia mdeki katika mtutu wa Kabbur, na chuma kikalia: ting. Katika wa Ghazwani: ting, ya juu kidogo. Mmoja baada ya mwingine. Miaka yote aliziosha bunduki hizi mojamoja nyumbani na hakuwahi kuzisikia hivi, kwa safu, wenyewe wakiwa wamesimama kando wakiinamisha vichwa kusikiliza. Kumi na nne, na hakuna mbili zilizofanana. Ghazwani aliyekuwa amekuja juu alikuwa ameinama kuliko wote. Rkia aliona mwili ukimsisimka. Hizi sauti kumi na nne tofauti ndizo huwa moja. Alikuwa amelijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji. Sasa alikuwa amefika.

Alimimina baruti. Kisha akachukua bunduki ya baba yake, ambayo springi yake haikuguswa na tupa ya mtu, akaitilia kipimo, akampa Haj. Haj aliweka gumba kwenye kinyundo, akasukuma. Uso ulimkunjamana. Hakikuja.

"Nikuvutie, Haj!" Kabbur alisema.

"Wewe? Utanifyatulia kabla sijapanda!" Alimgeukia Rkia. "Aliyeilegeza ile ndiye ataivuta hii. Lakini si hapa. Sitembei uwanja mzima na bunduki iliyovutwa. Kule, kwenye mstari."

Hakuna mtiaji baruti aliyewahi kusimama kwenye mstari wa kuanzia, na hakuna mwanamke wa Ulad Hmida. Rkia alisimama, baruti ikimdondoka kanzuni, akaweka mkono kwenye kikuku cha tandiko la farasi wa Haj, na wakaupanda uwanja mzima, yeye kwa miguu, kikosi kikifuata kwa mwendo wa mazishi. Watu mahemani waliulizana huyo ni nani. Mtu mmoja aliita jambo la kijinga, na Kabbur akamjibu jambo la kijinga zaidi.

Kwenye mstari farasi walijipanga, wakitafuna chuma. Rkia alipachika fataki, akakivuta kinyundo nyuma kwa gumba lake hadi kikashika. Kilikuwa kigumu. Alikuwa amesahau baba yake alitengeneza vitu vigumu namna gani.

"Kidole mbali nayo!" alipiga kelele. "Mpaka amri yako mwenyewe!"

"Nimekusikia," Haj alisema. Na kwa kuwa alimtazama midomoni, labda ni kweli.

Akasogea kando. Farasi wakatoka.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaona wakija. Hakuwahi kuwaona wakienda. Migongo kumi na mitano myeupe ilipungua, ikashikana, ikawa utepe mmoja unaotiririka juu ya vumbi. Sauti ya Haj haikumfikia. Aliona tu mitutu ikipanda. Kisha, kimya kimya, bila sauti yoyote, ukuta mweupe ukasimama mwisho wa uwanja, ulionyooka kama ukuta wa nyumba, kutoka ukingo hadi ukingo. Moshi wa watu wote, kwa wakati mmoja, na dunia haijasema kitu.

Alisimama ndani ya ukimya huo. Ulikuwa wa nusu pumzi, lakini aliweza kuwaza ndani yake. Aliwaza kuwa imekwisha kutokea; ni yeye tu ambaye hajafikiwa.

Ndipo mlango wa mbinguni ukafungwa.

Hakuhesabu. Hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Alijikuta amekaa chini mchangani na kiganja kimebanwa kifuani, na kwa mbali, baada ya muda, wanawake walianza vigelegele.

Aliurudia uwanja polepole. Kama walipewa nafasi ya Rabat au la hakuuliza njiani, ingawa kelele zilimwambia. Haj Maati alikuwa bado juu ya farasi mahali pa kutilia baruti, vidole vyake vyote mahali pake, na kikosi kimemzunguka. Alipomwona Rkia, hakusema imelia. Aliinama, akaomba mdeki, akauelekeza mwenyewe katika mtutu kwa mkono ule mbovu. Kisha akaibana bunduki kwenye shavu lake, karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza ujauzito, akauachia.

"Hiyo," alisema, "nimeisikia."

Nyuma yake Kabbur alikwisha kushika foleni, bunduki mkononi, akingojea mdeki.